Cheti Kimegoma Ubalozini: Kutafuta Kilipokwama Ukiwa Mtwara au Lindi

Kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 550 za basi, na wengi wanaokwenda huko kuthibitisha vyeti vya kutumia nje ya nchi, kisha wakarudi na bahasha ileile waliyoondoka nayo, wamerudishwa na jambo ambalo lingemalizwa hukuhuku: kwa Katibu Tawala wa Wilaya, kwa wakili, au kwa shehe aliyefungisha ndoa. Mimi nina steshenari mjini. Nachapa barua, natoa kopi, na kazi yangu nyingine isiyo na kibao ni kusikiliza watu wakisimulia walichoambiwa dirishani. Wengi husimulia hasira kwanza. Mimi naulizia maneno yenyewe: alisema nini, dirisha lipi, akishika karatasi ipi?

Maneno hayo ndiyo dawa, kwa sababu hati inayokwenda nje hupanda ngazi. Chini yuko aliyeitoa: msajili wa wilaya, shule, mahakama, polisi. Juu yake yuko mwenye rejista kuu, yaani RITA, wakala wa usajili, kwa vyeti vya kuzaliwa, vifo na ndoa, au NECTA, baraza la mitihani, kwa vyeti vya kidato cha nne na cha sita. Kama ni nakala, huingia wakili. Kisha Wizara ya Mambo ya Nje na Ushirikiano wa Afrika Mashariki, halafu ubalozi wa nchi unayokwenda. Kila ngazi huthibitisha sahihi na muhuri wa ngazi iliyotangulia, basi. Afisa wa ubalozi hamjui msajili wa Newala, anajua sahihi ya afisa wa wizara. Na wizara ikigonga muhuri haisemi kwamba kweli ulizaliwa Newala, inasema sahihi iliyo mbele yake inatambulika.

Kwa hiyo ukikataliwa, usianze upya na usimtafute kishoka, yule dalali wa mihuri. Shuka ngazi moja, mara nyingi ugonjwa uko hapo.

"Tunataka apostili"

Hii hutoka kwa chuo au mwajiri wa nje kwa barua pepe, na mtu huzunguka mji mzima akiuliza inapogongwa. Haigongwi Tanzania. Apostili ni cheti cha Mkataba wa Hague wa 1961, na hufanya kazi pale tu nchi zote mbili, inayotoa hati na inayoipokea, zimo ndani ya mkataba. Tanzania haimo. India imo, Afrika Kusini imo, Oman imo, Saudi Arabia iliingia Desemba 2022 na China Novemba 2023, lakini kuwamo kwao hakukusaidii wewe mwenye cheti cha Tanzania.

Wanachotaka kweli ni uthibitisho, na kwako njia yake ni ndefu: wizara, kisha ubalozi wao. Wajibu kwa maandishi kwamba Tanzania si mwanachama wa mkataba huo, na uwaulize kama watakubali hati iliyothibitishwa na Wizara ya Mambo ya Nje na ubalozi wao uliopo Dar es Salaam. Karani wa kule mara nyingi ametumia barua moja kwa waombaji wa dunia nzima, ukimweleza anaelewa. Jibu lake litunze, maana ubalozini unaweza kuulizwa.

Na kabla ya hayo yote, uliza kama uthibitisho wenyewe unahitajika. Baadhi ya vyuo hutaka tu nakala iliyogongwa na wakili, au matokeo yatumwe moja kwa moja na baraza la mitihani. Nimeona watu wakigongesha mihuri ambayo hakuna aliyeiomba.

"Majina hayafanani"

Hili ndilo tatizo la Kusini, na nitakaa hapa kidogo.

Chukua bahasha ya kawaida. Cheti cha kuzaliwa: Hadija Mohamedi. Cheti cha kidato cha nne: Khadija Mohamed. Pasipoti: Khadija Mohamed, na jina la tatu la babu ambalo halimo kwenye cheti cha kuzaliwa. Kwetu sisi Saidi na Said ni mtu mmoja, Hamisi na Khamis ni mtu mmoja, na karani aliyeandika hakuona kosa. Afisa wa ubalozi anayefananisha herufi kwa herufi anaona watu wawili.

Lakini hiyo ni sura moja tu. Ya pili ni jina la jandoni. Kwa Wamakonde, Wayao na Wamakua mtoto akitoka jando au unyago hupewa jina jipya, na la zamani huachwa. Aliyeingia akiitwa Juma akatoka akiitwa Saidi, cheti cha kuzaliwa kikabaki na Juma na shule ikamwandika Saidi. Ya tatu ni jina la mjomba. Mtoto amelelewa kwa mjomba, mjomba ndiye aliyempeleka shule, mwalimu akauliza "baba yako nani?" na mtoto akataja aliyemshika mkono asubuhi ile. Miaka kumi na tano baadaye cheti cha kuzaliwa kina baba mwingine.

Sura hizi tatu hazina dawa moja, na hapa ndipo pesa hupotea. Watu hukimbilia kiapo kwa kila kitu kwa kuwa ni chepesi: unakwenda kwa wakili, unaapa, unatoka. Kiapo kinatosha kwa Hadija na Khadija, maana kinasema majina haya mawili ni ya mtu mmoja. Kwa Juma aliyegeuka Saidi kiapo huwa chepesi mno. Hapo inatakiwa hati ya kubadili jina, inayoandaliwa na wakili na kusajiliwa kwa Msajili wa Hati kwenye ofisi ya ardhi, siyo kubaki na muhuri wa wakili peke yake. Na kama kosa lilifanywa na karani wakati wa kusajili kizazi, si wewe uliyebadilika, basi dai ni la marekebisho: rudi kwenye ofisi ya wilaya iliyosajili, ubebe kadi ya kliniki, ya ubatizo au cheti cha darasa la saba, uombe rejista irekebishwe.

La mjomba ndilo gumu kuliko yote. Ukiapa kwamba mjomba na baba ni mtu mmoja umeapa uongo, na kiapo cha uongo ni kosa la jinai. Nenda kwa wakili na umweleze ukweli wote. Anaweza kuandaa maelezo ya jinsi jina lilivyoingia shuleni, na mzee wa ukoo aliye hai aape upande wake.

Ushauri wangu mwingine: kabla ya kurekebisha chochote, tandaza karatasi zote mezani na uchague nguzo. Mimi huchagua cheti cha NECTA, kwa sababu hicho ndicho kigumu kubadilika, halafu nyingine zote zikifuate. Kuna anayebadilisha pasipoti ifanane na cheti cha kuzaliwa, kisha anagundua cheti cha shule hakijafanana na chochote.

"Haionekani kwenye mfumo"

RITA wana huduma ya kuhakiki vyeti mtandaoni, ileile wanayoitumia wanafunzi wakiomba mkopo wa elimu ya juu. Ukipeleka cheti cha zamani kilichoandikwa kwa mkono ukaambiwa hakionekani, usidhani mara moja kwamba ni feki. Huenda kumbukumbu yake bado iko kwenye kitabu cha wilaya na haijaingizwa kwenye mfumo. Soma muhuri ujue kilitolewa wilaya gani, kwa sababu uliyezaliwa Nachingwea na sasa unaishi Mtwara mjini, kitabu chako kiko Nachingwea. Nenda na namba ya ingizo, waombe waitafute. Ikipatikana, omba cheti kipya kilichochapishwa, na hicho ndicho ukipandishe ngazi.

Ikiwa kitabuni nako hakuna, basi hukusajiliwa, au karatasi uliyo nayo ilitengenezwa mahali pengine. Hapo njia ya haki ni kuomba usajili uliochelewa na kuleta ushahidi. Usiendelee na karatasi ile. Ubalozi ukiirudisha RITA kwa uhakiki, utakuwa na kesi badala ya safari.

Cheti cha ndoa kina namna yake. Ndoa inafungwa msikitini au kanisani, cheti kinatolewa, picha zinapigwa, na mfungishaji anatakiwa kupeleka taarifa za ndoa hiyo kwa Msajili. Wengine hawapeleki. Miaka inapita, mume yuko Muscat anataka kumchukua mkewe, RITA wanasema ndoa hii hatunayo. Usigombane nao, wanasema kweli. Rudi kwa aliyefungisha, kibuku cha vyeti huwa na kishina. Kama shehe au padri amefariki au amehama, ulizia vibuku kwenye ofisi ya dini yake. Hili linachukua muda, kwa hiyo lianze kabla hata pasipoti haijatoka.

Aliyezaliwa Unguja au Pemba asipoteze nauli. RITA ni ya Tanzania Bara, vizazi vya Zanzibar vina wakala wake kulekule.

"Hatuwezi kugonga juu ya hii"

Plastiki. Cheti kimepigwa laminesheni ili kisiliwe na mchwa wala kisilowe masika, na sasa muhuri hauna pa kukaa. Usikibandue wala kukipiga pasi, wino hutoka na plastiki na utabaki na karatasi tupu. Nilishaletewa kimoja kutoka Tandahimba ambacho kijana alikichana kwa wembe pembeni: ngao ya taifa ilibaki kwenye plastiki, jina lilibaki kwenye karatasi. Kwa cheti cha kuzaliwa, omba kingine RITA. Kwa cheti cha NECTA, ambacho hakitolewi mara mbili kirahisi, uliza kama nakala iliyothibitishwa itapokelewa.

Vipya viweke kwenye faili la plastiki lenye mdomo wazi. Nauza, lakini hata nisingeuza ningesema hivyo.

"Nakala hii imethibitishwa na nani?"

Muhuri wa mtendaji wa kata au wa mwalimu mkuu ni mzuri kwa mambo ya hapahapa. Kwa nje, nakala igongwe na wakili ambaye ni Kamishna wa Viapo na Mthibitishaji wa Hati. Lakini hata wakili wa kweli anaweza kukwamisha. Leseni ya uwakili huhuishwa kila mwaka, na asiyehuisha haruhusiwi kugonga. Mahakama ina mfumo wa mtandaoni unaoonyesha kama wakili yu hai kikazi, kwa hiyo mwangalie kwa simu kabla ya kulipa. Halafu angalia karatasi yenyewe: jina lake lisomeke, tarehe iwepo, sahihi isiwe ya kalamu ya karani wake. Muhuri uliofifia ni sababu tosha ya kurudishwa. Hili linakera, maana wino wa muhuri si kitu cha gharama.

"Alama za vidole hazisomeki"

Hii ni ya cheti cha tabia njema cha polisi, ambacho huombwa kwa kuchukuliwa alama za vidole. Kwa wabanguaji wa korosho ni shida ya kweli. Ganda la korosho lina mafuta makali yanayounguza ngozi, na anayebangua kwa mkono hubaki na ncha za vidole nyeusi, laini kama karatasi, mistari imelika. Wavuvi wa Mikindani na wachonga vinyago nao hupata kitu kama hicho kwa kamba na patasi.

Ngozi huota tena. Acha kubangua wiki kadhaa kabla ya kwenda, paka mafuta ya nazi usiku, na siku yenyewe nawa kwa sabuni na ukaushe kabisa, kwa sababu kidole chenye mafuta huacha doa badala ya mistari. Mwambie askari mapema, ataanza na kidole kilicho kizima na atabonyeza taratibu. Asiyejua hubonyeza kwa nguvu, na hiyo ndiyo inayoharibu.

Cheti hiki kina ugonjwa wa pili: kinazeeka. Wapokeaji wengi hutaka chenye umri usiozidi miezi 3 au 6, na umri unahesabiwa tangu kilipotolewa, si tangu ulipofika ubalozini. Kwa hiyo kiombe mwisho, mambo ya majina na RITA yakiwa yamekwisha. Kwa sisi wa Kusini ongeza nafasi ya barabara. Mei 2024, baada ya Kimbunga Hidaya, barabara ya Dar ilikatika huko Kilwa, na watu waliokuwa na vyeti vilivyobakiza wiki chache walikaa Lindi wakisikiliza redio.

"Lugha siyo"

Cheti cha ndoa cha Kiswahili, hukumu ya talaka, barua ya usimamizi wa mirathi: hivi vinahitaji tafsiri. Baraza la Kiswahili la Taifa, BAKITA, hutafsiri na kuthibitisha tafsiri. Tatizo huja kwenye mpangilio. Mtu anapeleka tafsiri wizarani peke yake, imebandikwa mihuri yote, na hati halisi imebaki nyumbani kabatini bila muhuri hata mmoja. Tafsiri haisimami peke yake, ziende pamoja. Waarabu, Wareno na Wachina wanaweza kutaka tafsiri ya lugha yao kutoka kwa mtafsiri wanayemtambua wenyewe, kwa hiyo uliza ubalozi kabla hujamlipa mtu.

"Hakimu huyu hatuna sahihi yake"

Mara nyingi ni mirathi. Mtu kafia Uarabuni, ameacha mafao, familia imepata msimamizi kupitia Mahakama ya Mwanzo, na wizara inakwama kwa kuwa sahihi ya hakimu wa Mahakama ya Mwanzo haimo kwenye vielelezo vyao. Ngazi iliyorukwa ni ya mahakama yenyewe. Tuna Mahakama Kuu Kanda ya Mtwara, nenda kwa Msajili ukaulize utaratibu wa kuithibitisha hati ya mahakama ya chini. Wafiwa wa Lindi hufunga safari hiyo kwa asubuhi moja, wakati ya Dar ingekula siku mbili.

"Malipo hayajaonekana"

Serikali hulipwa kwa namba ya malipo inayoanzia 99. Ukilipa pungufu, au baada ya namba kuisha muda, mfumo haukutambui. Omba namba mpya, usirudie ya zamani. Tunza ujumbe wa simu na risiti. Mtu akikupa namba ya simu yake ya mkononi ulipie "ada ya wizara", huyo ni kishoka hata kama amevaa tai.

"Hati hii si ya Tanzania"

Mtoto amezaliwa Palma, mama karudi Kitaya, karatasi ni ya Kireno. Wengine huipeleka wizara yetu wakitarajia igongwe. Hati huanza kupanda ngazi kwenye nchi iliyoitoa: mamlaka za Msumbiji kwanza, kisha Ubalozi wa Tanzania ulioko Maputo, ndipo itumike huku. Maputo iko ncha ya kusini kabisa ya nchi ile, kwa hiyo kabla ya kumtuma ndugu, uliza ubalozi wa Msumbiji ulioko Dar wanaweza kusaidia nini. Kuvuka Daraja la Umoja pale Mtambaswala na kurudi na muhuri wa ofisi ya kijiji hakutoshi. Mantiki ni hiyohiyo kwa shahada ya India: hata ikija na apostili, huku haitambuliki kwa hiyo apostili, na TCU, tume ya vyuo vikuu, nao wana uhakiki wao wa shahada za nje.

Wafanyabiashara wa korosho msipange foleni hii. Karatasi za kampuni huanzia BRELA, wakala wa usajili wa biashara, cheti cha asili ya bidhaa kwa chemba ya wafanyabiashara, cha afya ya mimea kwa TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea.

"Mihuri yote ipo, huku wanasema bado"

Umemaliza wizara, umemaliza ubalozi, umefika Dubai na mwajiri anasema hati haijakamilika. Si utapeli. Falme za Kiarabu zina ngazi moja zaidi: wizara yao ya mambo ya nje huthibitisha muhuri wa ubalozi wao wenyewe. Huo haugongwi Dar. Hufanywa kulekule, na kwa kawaida mwajiri ndiye hushughulikia, kwa hiyo mkatabani iandikwe nani analipa kabla hujapanda ndege. Kama umeshafika, mpe hati halisi kwa kuandikiana, ubaki na picha ya kila ukurasa, pamoja na upande wa nyuma, kwa sababu mihuri ya Tanzania mara nyingi hugongwa nyuma na ndiko huwa hakupigwi picha.